Maji ya Kuoshea Mchele Yana Kazi ya Pili

Hotuba kwa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mwenyekiti wa kikundi chetu, Mama Mlezi, kina mama wenzangu, kina baba mliokaa kule kwenye benchi, na ninyi watoto mliopanda juu ya mwembe: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Ahsanteni. Wengi wenu mmekula kwangu, na wachache mna madeni kwangu, lakini hayo si ya leo. Leo Mwenyekiti ameniomba niseme habari ya ile bustani iliyo nyuma ya jiko langu, kwa sababu kila anayepita kwenda chooni husimama akaniuliza: mama, mboga hizi unazimwagia nini, mbona maji mtaani hakuna? Nimejibu swali hilo mlangoni kwa mmoja mmoja mpaka nimechoka. Nashukuru nimepata kulijibu mara moja mbele ya wote.

Mimi ni mama lishe. Nauza wali, maharage, samaki na mboga za majani. Kazi hii inakufundisha kuhesabu maji kama unavyohesabu mkaa. Lakini nakiri kwamba kwa miaka mingi nilihesabu maji yanayoingia jikoni tu. Yanayotoka sikuyatazama.

Mnakumbuka Oktoba 2022. Mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukashuka, mgao wa maji ukatangazwa jiji zima. Hapa kwetu bomba lilikuwa likitoa upepo. Vijana wa mikokoteni wakaanza kupita na madumu, na mimi nikawa nanunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500, siku nyingine zaidi. Asubuhi moja nilikuwa naosha mchele. Napika kilo 12 kwa siku, kwenye masufuria mawili. Kila sufuria naosha mara tatu, na kila mara natia ndoo ile ndogo ya lita 10. Nikamwaga mtaroni ya kwanza, nikamwaga ya pili. Ya tatu mkono ukasita. Nikakaa kwenye kigoda nikapiga hesabu kwa vidole: sufuria mbili, mara tatu, lita kumi. Lita 60. Madumu matatu. Shilingi 1,500 nilizotoa kwenye pochi saa moja kabla, nimezimwaga mtaroni kwa mikono yangu. Ukiongeza dumu la kuoshea matembele na mchicha, ni shilingi 2,000 kila siku. Kwa siku sita za kazi ni shilingi 12,000. Kuna mama hapa anaweka hisa ndogo kuliko hiyo kila wiki, na tunampigia makofi.

Na siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka sokoni Rangi Tatu kununua matembele.

Sasa niseme jambo kabla mtu hajaondoka na wazo kwamba nimeleta elimu mpya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani. Uani kwake, nyuma ya bafu la makuti, palikuwa na mgomba. Nani hapa hajauona mgomba wa nyuma ya bafu? Nyanyueni mikono. Mnaona. Kuanzia Pangani mpaka Kilwa, mpaka bara huko kwa wakwe zetu, pale maji ya kuogea yanapotokea pana mgomba, au mpapai, au magimbi. Wazee hawakupanda pale kwa bahati. Mgomba unapenda maji mengi na hauchagui sana, na ndizi inaning'inia juu, mbali na pale yanapomwagikia. Magimbi yanachimbwa ardhini, kweli, lakini gimbi haliliwi bichi, lazima likae motoni muda mrefu. Hiyo ilikuwa akili kubwa, ila hakuna aliyeiandika.

Bibi huyo alikuwa na birika la udhu, na mbele ya kibaraza chake palikuwa na shina moja la mrehani. Alitawadha pale pale, miguu yake ikitazama mrehani. Swala tano, udhu tano, na shina lile halikuwahi kunyauka hata kiangazi. Nilipokuwa mdogo nilidhani mrehani ni sehemu ya ibada. Masheikh wetu wanatufundisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akaoga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Kibaba ni viganja viwili vilivyojaa. Leo mtu anafungua bomba la msikitini, anaanza kuongea na jirani yake, na ndoo nzima inaondoka kabla hajafika kwenye viwiko. Maji yale ni masafi karibu kama yalivyotoka. Nimeshamwambia imamu wetu kwamba pale nje ya msikiti nafasi ya minazi miwili ipo.

Tulichopoteza ni kwamba uani kumejengwa. Bafu sasa lina karo, lile shimo la majitaka, karo lina mfuniko wa zege, na zege halina mgomba. Maji yanaingia gizani hatuyaoni tena, na kitu usichokiona hukihesabu.

Mama mmoja aliniuliza wiki iliyopita, tena kwa hasira: unataka utulishe majitaka? Nilimheshimu kwa swali lile, maana lina haki. Sote tunaujua Mto Msimbazi. Tunajua unapokea maji ya viwanda na ya makazi, na tunajua bondeni mule kuna mboga zinalimwa, za kijani kibichi, nzuri kwa macho. Tunapofika sokoni hatujui fungu lipi limetoka wapi. Hofu yake ndiyo hofu yangu, na ndiyo iliyonifanya nipande mwenyewe. Ninapomwagilia mboga yangu najua maji yale yalikuwa wapi dakika kumi zilizopita. Yalikuwa kwenye sufuria yangu, na mchele. Basi neno langu la leo ni hilo: usimwage maji mpaka umejua yametoka wapi na yanaweza kwenda wapi. Ukilijua hilo, bustani inajipanga yenyewe.

Tuyapange, basi. Na hapa naomba tusikilizane, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu.

Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga na matunda, ya kulowekea maharage: haya ni ya bustani moja kwa moja. Hayana sabuni, hayana mafuta. Ya mchele yana wanga kidogo, ndiyo maana ni meupe, na ndiyo maana ukiyaacha kwenye ndoo mpaka kesho yanachacha, yananuka na yanaita nzi. Kwa hiyo yamwagwe siku hiyohiyo, jioni jua likipungua. Maji uliyochemshia mayai au ndizi bila chumvi nayo ni mazuri, yakipoa. Nasisitiza yakipoa, maana nimeona mtu akimwaga ya moto akidhani anaua wadudu, akaua mizizi. Ukishatia chumvi kwenye muhogo, maji yale hayana tena kazi ya bustani.

Maji ya kuoshea samaki na nyama yana damu, yana vijidudu, na yanaleta paka wa mtaa mzima. Mimi nachimba shimo pembeni ya mgomba, namwaga, nafukia. Kwenye mboga, hapana.

Maji ya kuogea ni ya mgomba, mpapai na maua. Mtu akioga kwa sabuni ya kawaida ya kipande, mgomba unayavumilia. Lakini usiyapeleke kwenye mboga za majani, maana mwili unaosha mengi.

Ya kufulia yana ngazi zake. Maji ya kwanza, yale yenye povu zito, yaende karo. Suuza ya mwisho inaweza kwenda kwenye mgomba. Na kama umefua nepi au nguo za mgonjwa, suuza zote ziende karo. Ukitia Jiki, yote karo. Maji ya kudekia yenye dawa ya sakafu, karo. Maji ya vyombo vya mafuta, karo vilevile, na hili nalisema kama mtu anayeosha sahani mia kwa siku: mafuta yakizoea udongo, udongo unaanza kuyakataa maji. Utamwaga, utayaona yanatiririka juu kama kwenye jani la gimbi, na chini mizizi inakauka.

Hilo la povu nililijifunza kwa hasara. Mwaka ule ule wa mgao nilikuwa na chainizi kumi na nne kwenye madumu, zimeshiba, majani mapana, nimeshawaahidi wateja. Nikawa nimeokoa maji ya mchele, nikapata tamaa, nikaona kwa nini na ya kufulia yapotee. Nikamwaga maji ya sabuni ya unga siku tatu mfululizo. Siku ya tano kingo za majani zikaanza kukauka, zikawa za kahawia kama zilizopitiwa na pasi ya moto. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji yale yale. Wiki haikuisha zikalala zote. Nilipochimba, udongo ulikuwa umelowa kabisa, na juu yake kulikuwa na utando mweupe mwembamba. Nikaugusa kwa ulimi: chumvi. Sabuni nyingi za unga zina sodiamu, na chumvi ikizidi udongoni mmea unakufa kwa kiu huku miguu yake iko majini. Niliumia. Nilikaa pale na jembe dogo mkononi, na lililoniuma kuliko hasara ni kwamba mmea ulikuwa umenionyesha mapema na mimi sikuelewa unasema nini.

Tangu siku hiyo nina desturi. Hata chombo kinachopata maji mazuri ya mchele, mara moja kwa wiki nakipa maji safi mengi mpaka yatoke chini kwenye matundu, yaoshe kilichojikusanya. Mvua ikinyesha, mvua inafanya kazi hiyo. Na siku zote namwaga udongoni, kwenye shina, simwagi juu ya majani. Mboga ya kuliwa mbichi, kama giligilani na nyanya za kachumbari, naimwagia maji safi tu. Ninazomwagia maji ya pili ni zile zitakazoingia chunguni.

Ngoja ninywe maji kidogo.

Sasa vyombo. Hapa kina mama mna mali ambayo hamjaiona. Nilizunguka kwenye nyumba yetu ya wapangaji sita, nikahesabu vilivyotupwa nyuma ya ukuta: madumu ya mafuta ya kula yaliyopasuka, ndoo isiyo na tako, beseni lililochanika, sufuria iliyotoboka, salfeti za unga, kopo la maziwa. Wengi wetu tumepanga. Mwenye nyumba hataki uchimbe ua wake, na akiongeza kodi kesho unahama. Shamba la mpangaji linatakiwa liwe na mkono wa kubebea.

Dumu la lita 20 ndilo napenda kuliko yote. Lilaze kwa ubavu, ule upande wenye mdomo uwe chini karibu na ardhi. Kata ubavu wa juu kwa kisu, ila mkono wake uuache, usikate. Pasha msumari wa inchi nne kwenye jiko la mkaa, ushike kwa koleo, toboa matundu kama manane chini. Plastiki itatoa moshi. Fanya nje, na watoto wakae mbali. Mfuniko uuache kwenye mdomo. Mvua kubwa ikija, unafungua mfuniko, maji yaliyozidi yanatoka. Ikipita unafunga. Hiyo sikuambiwa na mtu, niliigundua masika, maji yalipojaa na mchicha ukawa unaogelea.

Chini ya dumu, kabla ya udongo, natandika makumbi. Ninyi mnaokuna nazi kila siku mnapeleka wapi makumbi? Mnawashia moto. Washieni vifuu, makumbi nipeni mimi. Kumbi la nazi linanyonya maji kama sifongo na kuyaachia taratibu. Ardhi yetu ya Mbagala ni kichanga, ukimwaga ndoo asubuhi, saa sita imeshashuka kusikofikika. Tabaka la makumbi, nene kama vidole vinne, limenipunguzia kumwagilia. Yaloweke kwanza kwenye maji usiku mmoja, na maji hayo uyamwage kwenye mgomba. Juu yake udongo: ndoo mbili za mchanga wetu, ndoo moja ya samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi inaunguza. Vumbi la mkaa linalobaki chini ya gunia natia kopo moja. Jivu ni kiganja kimoja tu, tena si kwenye chombo kinachopata maji yenye dalili yoyote ya sabuni, kwa sababu jivu na sabuni vyote vinavuta upande mmoja na udongo unakuwa mkali kama magadi.

Kuna vyombo vya kukataa hata ukipewa bure. Dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu, lililokuwa na oili ya gari, ndoo ya rangi ya zamani ambayo haijulikani ilikuwa na nini. Usiseme nimeosha mara saba. Vitoboe visitumike tena kuchotea maji.

Mwenye uwanja mdogo kabisa, upana wa mkeka wa kuswalia, apande gunia. Hii nitaieleza polepole kwa sababu kila mtu anasema anaijua na magunia yake yanakauka juu na kuoza chini. Chukua salfeti la kilo 50. Chukua kopo la maziwa, toa tako na mfuniko, libaki kama bomba. Weka udongo ndani ya gunia, chini kabisa, kiasi cha kiganja. Simamisha kopo katikati, lijaze kokoto au vipande vya tofali. Sasa jaza udongo kulizunguka mpaka ufike karibu na ukingo wa kopo. Shika kopo, livute juu polepole, kokoto zinabaki zimesimama. Jaza tena kokoto, zungushia tena udongo, vuta tena. Mwisho una nguzo ya kokoto kutoka juu mpaka chini, katikati ya gunia, na kopo unalirudisha jikoni kwa ajili ya gunia lingine. Maji unayamwaga kwenye nguzo ile. Yanashuka na kusambaa pembeni kwa ngazi zote, juu na chini sawasawa. Ubavuni toboa matundu ya kupitisha vidole viwili, kwa kupishana, usiyapange mstari mmoja maana gunia litapasuka. Kila tundu chomeka kipando cha tembele au mche wa mchicha. Juu panda bamia au pilipili.

Kina mama wa Kibera, Nairobi, walifanya hivi kwa wingi mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, chakula kilipopanda bei na njia zikafungwa. Magunia mlangoni, sukuma wiki ubavuni, mahali ambapo nyumba na nyumba zinagusana. Ukiniambia Mbagala hakuna nafasi, nitakukumbusha Kibera.

Naomba sasa nigeuke kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo watu wa bustani za makopo hawalisemi na mimi sitaki kuwa mmoja wao. Mbu. Dengue ilitupiga hapa Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi 2019. Mbu wake ni Aedes, yule mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyu hazai kwenye dimbwi la matope. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani: kopo, ndoo, tairi, kisahani cha chini ya ua. Vitu vilevile ninavyowaambia mkusanye. Anataga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yale yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yarudi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, chombo kisuguliwe ndani. Kuanzia yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuwa wiki moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo kila chombo cha kupandia kiwe na matundu, kila ndoo ya maji ya akiba iwe na mfuniko unaobana, na kila Ijumaa mtu mmoja nyumbani apite akipindua makopo yote matupu. Kwangu anapita mjukuu wangu wa darasa la tatu, na ni mkali kuliko bwana afya. Chombo kisichokuwa na mmea wala mfuniko hakilali kimesimama.

Haya, kuna kifaa kimoja nimekipenda kupita kiasi, na nimekileta, kile pale mezani kimefunikwa kanga. Mjomba, hebu kifunue. Ahsante. Ni mtungi wa bibi, ule wa maji ya kunywa. Ulipasuka mdomo wakati wa kuhama, sikuweza kuutupa, ukakaa chini ya kitanda miaka. Bwana shamba mmoja aliyekuwa akila kwangu mchana ndiye aliyeniambia: uzike. Akanieleza kuwa Wachina waliandika habari ya kumwagilia kwa chungu kilichozikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Unachimba shimo, unauzika mtungi mpaka shingoni, unaujaza maji, unafunika na kigae. Udongo wa mfinyanzi una vitundu visivyoonekana. Ardhi ikiwa kavu inayavuta maji kupitia ukuta wa mtungi, ikilowa inaacha. Mmea unakunywa kwa kiasi cha kiu yake na jua halipati hata tone. Nilipanda nyanya tano kuuzunguka. Nilikuwa naujaza kila baada ya siku tatu, nne. Kwenye madumu ilikuwa kila jioni.

Mtungi huu ni wa maji safi, au ya mvua, peke yake. Maji ya mchele yataziba vile vitundu kwa wanga, ya sabuni ndiyo zaidi. Jaribu kwanza: ujaze, uache usiku juu ya saruji kavu. Asubuhi ukiukuta umetoa jasho kwa nje, unafaa. Uliopakwa rangi haufai. Niliuzikua jana kuwaonyesha. Gusa hapa, mama, pitisha kidole. Unaona mizizi midogo iliyojishika ukutani kama nywele? Nyanya zilikuja zenyewe kuufuata. Bibi alikufa 1997 na mtungi wake bado unanywesha.

Mvua sitaizungumzia sana, maana wenye nyumba wengi hawako hapa. Ila jueni hesabu yake, ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 800. Hata ukipoteza robo, yanabaki madumu 30. Zile dakika za kwanza acha zioshe bati, kuna kinyesi cha ndege na vumbi la barabara. Baada ya hapo kinga kwa chochote, ufunike.

Mtaniuliza napata nini. Nitawaambia ukweli, sitawatia chumvi. Bustani yangu ina madumu kumi na moja, magunia mawili, mgomba mmoja ambao mwenye nyumba alinikubalia, na huo mtungi. Hailishi biashara yangu, bado naenda sokoni. Inalisha nyumba yangu: watu wanne, mboga siku nne kwa wiki. Mchicha naukata baada ya wiki tatu au nne tangu kusia. Tembele likishashika, nalivuna ncha na linarudi, linarudi, miezi mingi. Wateja wakikosa pilipili, nanyoosha mkono dirishani. Na yule mama aliyeniuliza habari ya majitaka, jana alinitumia mwanawe na kisahani, aniombe mrehani.

Nina ombi moja kwa wapangaji wenzangu, na Mwenyekiti wa Mtaa anisaidie kulisema. Ua ni wa wote. Mtu akimwaga maji ya dawa kwenye gunia la jirani bila kujua, ugomvi unaanza. Sisi kwetu tumeweka ndoo mbili karibu na bomba. Ya bluu ni ya bustani, nyekundu ni ya karo. Aliye na shaka na maji yake anamwaga kwenye nyekundu. Haijaandikwa popote, hata watoto wanaijua.

Basi Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, uani kwangu. Kila mmoja aje na dumu moja lililopasuka na msumari wa inchi nne. Makumbi ninayo, samadi ya ng'ombe nimeshaagiza mifuko sita, vipando vya matembele nitavikata alfajiri visinyauke. Jiko litakuwa limewaka. Mkitoka nyumbani, maji mliyooshea mchele wa jana usiku msiyalete, yatakuwa yameshachacha. Leteni ya asubuhi hiyo.

Ahsanteni sana.